Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kukaa na majirani kwenye ploti, Nakuru

Nimekaa ploti tatu, yaani nyumba za kupanga zinazochangia geti moja, hapa Nakuru tangu 2006: Rhonda, halafu Langa Langa, na sasa Free Area, ambako huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa mweka hazina wa wapangaji. Kazi yenyewe ni kukusanya pesa za taka, za balbu ya geti na za mlinzi. Kusema kweli, muda mwingi huishia katika kusikiliza. Maswali yaliyo hapa ndiyo wanayoniuliza wapangaji wapya, na hata wale wa zamani, wakinikuta kwenye kamba ya nguo au wakinitumia ujumbe saa tano usiku. Nimejibu ninavyojua.

Nimehamia juzi. Nianzie wapi?

Anza siku ileile, ukiwa bado na vumbi la kuhama mikononi. Gonga mlango wa kulia, wa kushoto, na wa yule aliyekaa hapo miaka mingi kuliko wote. Keateka, yaani mtunza ploti, atakuonyesha ni nani. Uliza mambo matatu: maji huja siku gani, gari la taka hupita lini, na geti hufungwa saa ngapi. Utapata majibu, na jirani ataona kwamba unamhesabu kuwa mtu. Aliyeombwa msaada siku ya kwanza ni vigumu akununie siku ya pili.

Usiulize analipa kodi ngapi. Nyumba mbili zinazofanana zinaweza kuwa na kodi tofauti kabisa, na ukishajua ya mwenzako hutalala.

Kuhusu majina, mwanamke mwenye mtoto huitwa Mama fulani na mumewe Baba fulani, mara nyingi kwa jina la yule mtoto anayesikika akiitwa kila jioni aingie ndani. Lakini usimuulize mtu mbele ya watu, "Wewe ni Mama nani?" Huko Langa Langa dada mmoja alihama kwa sababu ya swali hilo, aliloulizwa na watu wanne katika wiki moja. Hakuwa na mtoto, na si kwa kupenda. Mwite kwa jina lake, au "dada", inatosha. Bibi mzee tunamwita shosho hata kama si Mkikuyu, na wengi hulipokea vizuri. Asiyelipenda atakwambia mwenyewe.

Kwa nini keateka aliniambia nisiongee kilugha koridoni?

Hajakukataza lugha ya mama yako. Ndani kwako, na kwenye simu ukiongea na watu wa nyumbani, ongea utakavyo. Anachokuomba ni hiki: mkiwa watatu kwenye sinki na mmoja haelewi, hamieni Kiswahili.

Ploti yetu ina nyumba 12, na nikihesabu lugha napata saba: Kikuyu, Kiluo, Kikalenjin, Kiluhya, Kikisii, Kikamba na Kiturkana. Januari 2008 nilikuwa Rhonda. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Nakuru ilitulia kwa wiki kadhaa ilhali kwingine kulikuwa kunawaka, kisha mwishoni mwa Januari moto ukatufikia nasi. Ninachokumbuka zaidi ni siku za kabla ya hapo, jinsi watu walivyoanza kunyamaza mtu akipita. Unawakuta wawili watatu mlangoni wanaongea, unapita, wanaacha. Ukishapita wanaendelea kwa lugha usiyoijua. Pengine walikuwa wanazungumzia bei ya unga. Hukujua. Na kwa kuwa hukujua, ulijijazia mwenyewe, na hakuna aliyejijazia jambo jema siku zile.

Sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa ilipitishwa mwaka huohuo wa 2008. Anayetoa matamshi ya chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini sheria inashughulika na maneno yaliyosemwa. Ule unyamavu wa mlangoni haufikii, huo ni wetu wenyewe kuuondoa. Uchaguzi mkuu hufanywa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na sisi tumekubaliana kwamba kuanzia Juni ya mwaka huo siasa haziingii kwenye grupu yetu ya WhatsApp, na Kiswahili koridoni kinakazwa hata na wale ambao kwa kawaida hulegeza.

Maji ya tangi yanaisha usiku. Nitamjuaje anayeyaiba?

Kabla ya kumtafuta mwizi, hakikisha kuna wizi. Hili nimelijua kwa kuumiza mtu.

Mwaka wangu wa kwanza wa uweka hazina, tangi letu la lita 5,000 lilikuwa likijaa Jumanne na Ijumaa, siku za maji. Kwa nyumba 12 hiyo ni mitungi 20 ya lita 20 kwa kila nyumba, na ilitufikisha siku ya pili ya maji bila shida. Ghafla tukaanza kuamka Jumatano asubuhi tukikuta tangi limeshuka hadi nusu.

Nambari 6 alikuwa akikaa mama anayeuza mboga. Alikuwa akiondoka saa kumi alfajiri kwenda soko la Wakulima kuchukua sukuma wiki, na kila siku saa tisa na nusu tulisikia mfereji wake ukifunguliwa na ndoo ikijaa. Hakuna mwingine aliyekuwa macho saa hiyo. Nikafanya hesabu zangu nikiwa kitandani, nikaandika kwenye grupu saa nne usiku: "Kuna mtu anachota maji ya wenzake akidhani tumelala. Ajue tunamjua." Sikutaja jina, na nikajiona mstaarabu kwa hilo. Mmoja akajibu kwa picha ya macho mawili. Mwingine akaandika, "Saa tisa na nusu." Basi, mama wa watu akawa ametajwa.

Ukweli ulipatikana siku tisa baadaye. Fundi alikuwa amekuja kurekebisha koki ya nambari 11. Akashangaa kwamba koki zote zimefungwa na bado bomba linalotoka tangini lina mtiririko. Ukiweka sikio juu yake unausikia. Tukachimba nyuma ya nyumba. Futi mbili chini, kiungo kilikuwa kimeachana. Kwa nini hatukuona hata dimbwi? Kwa sababu udongo wa huku ni majivu ya volkano na mawe mepesi ya Menengai. Unakunywa maji na kubaki mkavu juu. Mahali pengine tungeona matope siku ya pili.

Yule mama alikuwa akichota ndoo moja. Lita 20, aoge, aende sokoni.

Kwa hiyo fanya hivi kwanza. Siku moja jioni ambapo kila mtu yuko nyumbani, tumbukiza ufito mrefu mkavu ndani ya tangi, utie alama pale maji yalipofika. Kila nyumba ifunge koki zake kwa saa moja. Pima tena. Maji yakishuka, mwizi ni bomba. Yasiposhuka, ndipo mkae mzungumze, mkiwa mnaonana uso kwa uso.

Maji ya kisima cha ploti ni salama? Jirani anasema niyachemshe tu.

Huu ni ubishi unaozuka kila mpangaji mwenye mtoto mdogo anapohamia, na jirani anayesema "chemsha tu" amekosea kwa nia njema. Kuchemsha huua vijidudu. Shida ya visima vingi vya huku Bonde la Ufa ni floridi, ambayo hutoka kwenye miamba ya volkano, na ukichemsha maji mvuke huondoka lakini floridi inabaki, hivyo inakolea zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia unayoyaona kwa watu wengi waliokulia hapa hayatokani na uchafu wala kutopiga mswaki. Madoa hayo huingia wakati meno yanajijenga ndani ya ufizi, yaani miaka minane hivi ya kwanza ya mtoto, na yakishaingia hayatoki kwa kusugua.

Kichujio cha mkaa wa mifupa hupunguza floridi. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianza kazi hiyo miaka ya 1990. Kama una mtoto mdogo, tafuta maji ya kunywa na kupikia yaliyochujwa hivyo, au kinga maji ya mvua kutoka paa safi, na ya kisima tumia kufulia. Na tafadhali usimcheke mtu meno. Nimesikia watoto wakiitana majina koridoni na mzazi akicheka pamoja nao.

Tunatumia mita moja ya stima nyumba sita. Tugawanye vipi bili?

Mgao sawa huwa sawa kwenye karatasi tu. Tuseme tokeni za mwezi zimefika shilingi 3,600. Kila nyumba 600. Lakini nambari 2 ana balbu mbili na redio, na nambari 5 ana shawa ya kupasha maji. Shawa ya aina hiyo hula wati 3,000 na zaidi. Dakika 20 za kuoga ni uniti nzima. Balbu ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 100 kumaliza uniti hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye balbu akilalamika, si kwamba ni mchoyo.

Dawa ya kudumu ni mita ndogo kwa kila nyumba. Kama landilodi hataki kuzinunua, wapangaji sita wakichanga mara moja huwa nafuu kuliko kuteta kila mwezi. Kabla hamjafika hapo, andikeni orodha ya vyombo vizito: pasi, friji, shawa, koili ya kuchemshia maji, kila kimoja na nyongeza yake mliyokubaliana. Mwenye friji asione aibu. Akilipa nyongeza yake, basi friji ni yake na barafu ni yake.

Jirani anawasha jiko la makaa koridoni, moshi unaingia kwangu. Nimwambie aliingize ndani?

Usimwambie hivyo hata kidogo.

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake unaijua. Mtu aliyekemewa koridoni hulibeba jiko ndani, hufunga mlango, na kwa sababu linapasha joto hulala nalo. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu husikia kichwa kizito na usingizi, hajui kinachomchukua. Familia nzima inaweza kukutwa asubuhi hivyo. Makaa yaliyobaki mekundu bila moshi, ambayo watu husema "yameiva, hayana shida", ndiyo hayo hayo.

Kwa hiyo mwambie alisogeze, asiliingize. Kwetu tuliezeka mabati matatu karibu na kamba za nguo, pakawa mahali pa kuwashia jiko hata mvua ikinyesha. Ilitugharimu siku moja ya kazi. Na ukiona jirani amebeba jiko kuingia nalo usiku, gonga. Heri akuite kimbelembele.

Jirani hufungulia wufa (spika ya besi) hadi usiku wa manane. Sheria inasemaje?

Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinasema katika makazi kelele za mchana zisizidi desibeli 45 ndani ya nyumba na 50 nje, na usiku zisizidi 35. Usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili kamili ikipita na kuisha saa kumi na mbili asubuhi.

Lakini desibeli 35 ni kidogo sana. Maongezi ya kawaida ya watu wawili hufika kama 60. Yaani kwa kipimo hicho, hata wewe unayelalamika umeivunja sheria jana ukimwita mtoto. Ndiyo maana sipendi mtu aanze na sheria. Anza na ukuta. Kinachokunyima usingizi si wimbo, ni besi, na besi hupita sakafuni na ukutani. Mwombe jirani aliondoe wufa kwenye ukuta mnaochangia na aliweke juu ya blanketi lililokunjwa. Mara nyingi hapo utasikia tofauti kubwa, na yeye hajazima muziki wake.

Nenda mchana, si usiku ule umekasirika, na usiende mkiwa watano. Watu watano mlangoni ni vita hata wakija na chapati.

Kama ni kesha la maombi au sherehe, mwenye shughuli aseme siku mbili mapema, na aseme itaisha saa ngapi. Mwenye mtoto mgonjwa au anayeamkia zamu atapata muda wa kujipanga.

Nani mwenye haki ya kamba ya nguo?

Aliyetangulia, hadi nguo zikauke. Zikikauka, una ruhusa kuzitoa, uzikunje, umwekee mlangoni kwenye karai. Kuzisukuma upande mmoja zikunjamane ni uchokozi, na kila mtu anajua ni uchokozi.

Jina la Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na Januari na Februari utaamini. Upepo ukianza alasiri, shati jeupe la shule lililoanikwa saa nane litakuwa la kahawia saa kumi. Kwa hiyo anayekung'uta zulia upande wa upepo wakati mwenzake ameanika asiseme hakuona. Asubuhi fua, mchana kung'uta, tena upande wa geti.

Taka ni za nani?

Gunia ni lako hadi lipandishwe kwenye gari. Mbwa akilipasua usiku, bado ni lako. Tunalipa pesa za taka mwanzoni mwa mwezi na risiti naibandika ukutani. Wakazi wa mtaa wa London hapa Nakuru, karibu na dampo la Gioto, wanaishi na moshi na nzi wa taka zetu sote, na mimi huwakumbusha wenzangu hilo wanapoona uvivu kutenganisha maganda na plastiki.

Daipa ni jambo la peke yake. Daipa iliyotupwa chooni huvimba, huziba bomba, na gharama ya kuzibua tunagawana nyumba 12, pamoja na wazee wasio na mtoto. Funga kwenye mfuko, tia kwenye gunia. Hatujawahi kumtaja aliyefanya hivyo, ingawa katika nyumba 12 wenye watoto wa daipa ni wawili tu. Tuliwaendea wote wawili, siku moja, kwa maneno yaleyale. Haikutokea tena.

Mbwa wa jirani ameniuma.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona mbwa atafanya nini, na usipake majani wala mafuta ya taa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna tiba. Ugomvi na mwenye mbwa, cheti cha chanjo yake kiko wapi na nani atalipa nauli, hayo yote yatasubiri.

Niandike kwenye grupu ya WhatsApp au nigonge mlango?

Kama jambo linahusu wote, grupu: maji yamekatika, geti halifungi, kuna mgeni hatumjui anazunguka. Kama linahusu mtu mmoja, mlango. Hakuna hali ya tatu, ingawa kila wiki mtu hunieleza ya kwake kwamba ni ya tatu.

Najua kwa nini watu hukimbilia grupu. Mlangoni unaweza kujibiwa. Mlangoni utaona mtoto amelala, sufuria haina kitu, mtu ametoka kulia, na hasira yako itakosa pa kukaa. Kwenye grupu unaandika na kuweka simu kifudifudi. Lakini kule kuna macho 30, na aliyeaibishwa mbele ya macho 30 hawezi kukubali kosa hata akitaka. Atatetea uongo kwa sababu umemfungia njia ya kurudi.

Na yale maneno ya "kuna watu humu", "wengine wajirekebishe", "mwenye masikio na asikie" ni mabaya kuliko kutaja jina. Unakuwa umewashtaki wote 12.

Nimeandika kwa hasira. Naweza kufuta?

Ndiyo, unaweza kufuta kwa kila mtu ndani ya siku mbili na nusu hivi, na admini anaweza kufuta ujumbe wa mwingine. Lakini chukulia kwamba mtu ameshapiga skrinishoti. Usifute ukanyamaza, watu wataona pengo na kuuliza lilikuwa nini. Futa, kisha andika, "Nimefuta, nilikosea, namwendea mwenyewe." Halafu umwendee kweli.

Skrinishoti ya grupu ya ploti isitoke nje ya ploti. Mmoja wetu alipelekewa kazini maneno yake aliyoyaandika akiwa msibani. Tangu hapo amekuwa akisoma tu, haandiki.

Michango ya matanga ni lazima?

Si lazima kutoa pesa. Kufika ni lazima, ukiwa na miguu.

Nilikomesha jambo moja na silijutii: ile orodha inayonakiliwa na kubandikwa upya kila mtu anapotoa, jina na kiasi, "1. Mama fulani 500, 2. Baba fulani 1,000", ikishuka hivyo hadi mwisho. Aliye na 50 haandiki. Anajificha siku tatu, na siku ya kusafirisha mwili haonekani, si kwa roho mbaya bali kwa sababu hayuko kwenye orodha. Sasa pesa zinakuja kwa M-Pesa yangu, naandika majina bila kiasi, na jumla naipeleka kwa wafiwa mbele ya mashahidi wawili. Anayetaka kuhakiki, daftari liko kwangu. Kuna aliyeteka maji mitungi sita siku ya matanga na hakutoa hata shilingi. Jina lake liko kwenye orodha pamoja na wengine.

Watoto wamepigana. Niende kwa mzazi mwenzangu?

Subiri saa moja. Watoto watakuwa wanacheza tena, na nyinyi ndio mngekuwa mmebaki mnateta. Kama kuna damu au kama ni mara ya tatu kwa mtoto yuleyule, nenda, ukiwa umemwacha wako nyumbani.

Nimenunua kipande Kiamunyi, jirani anasema ua wangu umeingia kwake.

Using'oe alama wala ua, wako au wake. Kuondoa alama ya mpaka ni kosa la jinai. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mahakama haisikilizi ubishi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka Msajili wa Ardhi auamue mpaka wenyewe kwanza. Kwa hiyo hatua ni ofisi ya ardhi, barua ya malalamiko, na siku ya kupima mkiwa wote wawili. Gharama ya kupima ikigawanywa mapema kwa maandishi, nusu ya uhasama hupungua.

Tumeongea tumeshindwana. Twende wapi?

Keateka, kisha landilodi, maana mambo mengi ya ploti ni ya nyumba yake. Akishindwa, mzee wa mtaa au watu wa Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama ulioanza 2013. Halafu naibu wa chifu, kisha chifu. Chifu anaweza kuwaita na kuwapatanisha, na Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaunga mkono usuluhishi wa namna hiyo. Lakini hana mamlaka ya kukutoza faini wala kukuhukumu. Akikutoza, omba risiti uone.

Kama ni deni au mali iliyoharibiwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Haisikilizi kesi za kuchafuliana jina, kwa hiyo usipeleke huko yaliyosemwa kwenye grupu. Kodi yako ikiwa haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna baraza la kodi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, nalo ndilo la kuliendea kwa ugomvi na landilodi. Kipigo, vitisho au mlango uliovunjwa ni vya polisi, siku hiyohiyo, bila kupitia kwa keateka.

Niliomba msamaha na jirani bado hanisalimu. Nifanye nini?

Endelea kumsalimu, asipojibu usirudie mara mbili.

Mama wa nambari 6 niliyemwita mwizi nilimwomba msamaha palepale kwenye grupu, safari hii nikimtaja, kisha nikaenda kwake. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Akasema, "Nimesikia, Mama." Akafunga. Kwa miezi mitatu ikawa hivyo. Nilikuwa nikimpa habari za asubuhi saa kumi nikimsikia anapita, naye hapunguzi mwendo. Dada zangu waliniambia ameninunia kupita kiasi. Sikuona hivyo. Mimi niliandika sekunde 20; yeye alipita siku tisa koridoni akiangaliwa ndoo.

Machi mvua ilianza ghafla saa nane mchana. Simu yangu ikalia, namba yake. Nyuma yake nilisikia makelele ya soko na mvua ikipiga mabati. Hakunisalimu. Alisema, "Blanketi la mtoto liko kwenye kamba ya mwisho, ile ya ukutani." Nikakimbia na ndara.